Leteni darasa moja, si shule nzima

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na walimu wakuu, walimu wa Sanaa na Michezo, kamati za shule, wazazi, na wote wenye kumbi za maonesho ya sanaa hapa Mwanza na mwambao mzima wa ziwa. Muhula wa pili umeanza, mvua zimekatika, na huu ndio wakati shule nyingi hupanga ziara za mafunzo. Tuna ombi moja. Mkipanga kwenda kwenye jumba la sanaa ya kisasa, pelekeni darasa moja, si shule nzima. Watoto watazame kazi tatu, si thelathini. Na nusu ya muda wao iwe mezani, mikono ikifanya kazi.

Mambo huharibika mapema, siku ile hesabu inapoanzia kwenye gari. Coaster imekodiwa, bei yake inauma, basi kila mtu anataka ijae na irudie safari mbili au tatu. Matokeo yake ni watoto 150 ndani ya chumba cha mita 8 kwa 10. Wa mbele wanaona picha, wa nyuma wanaona visogo vya wenzao. Mwongozaji anapaza sauti, kuta tupu na sakafu ya saruji zinaivuruga, walimu nao wanapaza zao kunyamazisha watoto, na baada ya dakika 20 wote wako nje wanapangwa kwa picha ya pamoja. Mtoto ametoka Igoma au Buswelu, mzazi amejibana akatoa nauli, na hakuna kazi hata moja aliyoitazama kwa dakika nzima. Akirudi nyumbani akasema alikokwenda hakukuwa na kitu, amesema kweli.

Kiwango tunachokishauri ni watoto 40 kwa ziara moja na watu wazima wanne, yaani mtu mzima mmoja kwa watoto 10. Hao 40 hugawanywa: 20 wanaingia ukumbini, 20 wanakaa kwenye meza za warsha, kisha wanabadilishana. Wale 20 wa ukumbini nao wanasimama makundi mawili ya 10, kila kundi mbele ya kazi yake. Kumi ndiyo idadi inayomwezesha kila mtoto kuona, kusikia na kusema neno angalau mara moja ndani ya robo saa. Tunajua madarasa yetu yana watoto 80, mengine 100 na zaidi. Dawa yake si kuwachagua wenye maksi nyingi. Hao huchaguliwa kwa kila jambo. Watoto wachukue vikaratasi vya bahati, darasa liende kwa zamu, Jumanne na Alhamisi, au nusu muhula huu na nusu ujao.

Kuhusu saa: fikeni saa 3:00 asubuhi. Robo saa ya kwanza ni ya choo, maji ya kunywa na kuacha mabegi mlangoni. Mkiiruka robo saa hiyo, itawadai katikati ya mazungumzo, mtoto mmoja akiomba kwenda chooni na tisa wakamfuata. Mabegi yabaki nje bila msamaha, maana mtoto mwenye begi mgongoni akigeuka ghafla ndipo turubai linapotobolewa. Baada ya maneno machache ya kukaribishana, awamu ya kwanza ianze saa 3:25 hadi 4:15, kisha uji au chai na andazi hadi 4:35, awamu ya pili hadi 5:25. Dakika zinazobaki ni za kufunga kazi na kuhesabu watoto. Gari liondoke kabla ya saa 6:00, kwa sababu baada ya hapo njaa ndiyo inayofundisha.

Mwalimu atangulie peke yake wiki moja kabla. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Ahesabu vyoo. Aangalie kivuli cha kukaa. Aangalie gari litageuzia wapi, kwa maana Mwanza ni jiji la vilima na mawe, na ziko kumbi zilizo kwenye mwinuko ambao Coaster iliyojaa haipandi; watoto watashuka chini na kutembea, na dakika hizo lazima ziingie kwenye ratiba. Kisha aingie ndani akae na mwenye ukumbi wachague pamoja kazi tatu. Sanaa ya kisasa huzungumzia pia kifo, vita, mwili wa binadamu na siasa, na mwalimu ndiye anayewajua watoto wake na wazazi wao. Kazi inayofaa kidato cha tatu pengine haifai darasa la nne. Ni bora hilo lijulikane wiki moja kabla kuliko kuliziba kwa mgongo wa mwalimu watoto wakiwa wameshaingia.

Barua ya idhini ya mzazi ibebe mambo manne tu: tarehe na saa, nani anasafiri na watoto, chakula ni cha nani, na kama mzazi anakubali mtoto wake apigwe picha. Hilo la mwisho liwe swali lake peke yake, lenye ndiyo na hapana. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sura ya mtoto kwenye ukurasa wa mtandao wa ukumbi si pambo la kujitangazia.

Sasa tuseme na wenye kumbi, maana lawama zote haziwezi kuwaangukia walimu. Picha nyingi hutundikwa katikati yake ikiwa sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima. Mtoto wa darasa la tatu atainua shingo, na kama kuna kioo ataona mwanga wa dirisha badala ya picha. Kwa kazi tatu za siku ya ziara, shusheni hadi sentimita 120. Maelezo ya ukutani yawe ya Kiswahili, sentensi mbili au tatu, herufi kubwa za kusomeka hatua mbili nyuma. Sakafuni bandikeni tepu ya karatasi sentimita 60 kutoka ukutani, na muwaeleze watoto sababu yake: jasho na mafuta ya kidole hubaki juu ya rangi na kuacha alama isiyofutika. Lakini msiishie kwenye marufuku. Wekeni mezani kipande cha kifaa kilekile kilichotengenezea kazi hiyo, iwe turubai lililopakwa rangi, waya, gome au udongo, watoto wakishike wapendavyo. Mkono uliokwisha kushiba hauendi ukutani.

Ndani ya ukumbi ruhusuni penseli peke yake. Wino wa kalamu ukigusa turubai hautoki.

Tumefika kwenye kiini cha ziara, kutazama. Kosa la kawaida ni mwongozaji kuhutubia: msanii alizaliwa wapi, alisoma wapi, picha ina maana gani. Watoto wanaandika, na wakiandika hawatazami. Ipo njia iliyoandaliwa Marekani na Abigail Housen, mwanasaikolojia, pamoja na Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza idara ya elimu katika Museum of Modern Art ya New York. Njia hiyo ina maswali matatu tu. Kuna nini kinaendelea katika picha hii? Umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Tunaweza kuona nini kingine? Maswali ni mepesi kukariri, ila kuyasimamia kunahitaji nidhamu.

Kwanza, dakika moja ya kimya. Hakuna anayesema, akiwemo mwongozaji. Kwa watoto waliozoea kujibu kwa pamoja dakika hiyo ni ndefu, na wengine watacheka, iacheni ipite. Kisha swali la kwanza, halafu mwongozaji ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumtaja mtu. Mikono ya haraka ni ya walewale wanaonyoosha kila siku darasani. Ya wengine huinuka ikifika saba au nane.

Chukulieni picha yenye mtumbwi usiku. Mtoto anasema, "Wanazama." Mwongozaji asiseme ndiyo wala hapana. Aulize, "Umeona nini kilichokufanya useme hivyo?" Mtoto anatazama tena na kujibu kwamba maji yamefika ubao wa juu. Mwingine anakataa: hao ni wavuvi wa dagaa, taa ile pale, mtumbwi umelala kwa sababu wanavuta wavu upande mmoja. Hapo watoto wawili wa pwani ya ziwa wameanza kubishana kwa ushahidi, na ushahidi uko ukutani mbele yao. Kazi ya mwongozaji ni kunyoosha kidole kwenye kila sehemu inayotajwa, kurudia alichosema mtoto kwa maneno yaliyonyooka, na kuunganisha: huyu anaona hatari, yule anaona kazi. Asimwambie mmoja "safi sana" na mwingine "haya". Watoto wana masikio makali. Wakishajua jibu linalopendwa, wote watalitoa hilohilo. Neno likiwa tayari mdomoni kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita, lipokelewe hivyohivyo, kisha darasa litafute la Kiswahili pamoja.

Habari za msanii zije mwishoni, dakika mbili, na zijibu kile watoto walichokwisha kuuliza wenyewe.

Swali moja litatoka kila mara, na mara nyingi litatoka kwa mwalimu: hii nayo ni sanaa? Vizibo vya chupa, magome, matambara? Lisikwepwe. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za dukani. Hakungoja turubai wala rangi za kuagiza, na leo picha za mtindo wake ndizo mwalimu huyohuyo anazoziita sanaa bila kusita. El Anatsui, aliyezaliwa Ghana 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha maelfu ya vizibo vya chupa za pombe kwa nyaya za shaba hadi vikawa kama nguo kubwa inayofunika ukuta. Na huku kwetu kwenye ziwa kuna gome. Waganda huliita lubugo: gome la ndani la mti wa mutuba, likabanduliwa, likapigwa kwa nyundo za mbao hadi likapanuka na kulainika. Wahaya wa ng'ambo yetu nao walilivaa kabla ya nguo za pamba, na Kiswahili cha zamani kinalijua kwa jina la mbugu. UNESCO iliuingiza ufundi huo wa Uganda kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi 1984, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo hilo, na matundu yake na mishono ya kuliziba vinabaki vikionekana katikati ya picha. Sanaa Gateja wa Uganda hushona juu ya gome shanga alizozikunja kwa karatasi zilizotumika. Tafuteni kipande kimoja cha gome, hata cha ukubwa wa daftari, mpitishe mkononi. Upande mmoja una mistari myembamba ya nyundo, harufu yake ni ya kuni kavu, na ukiliinua dhidi ya dirisha mwanga unapenya kwenye vijitundu. Baada ya hapo swali la "hii nayo ni sanaa?" hubadilika lenyewe kuwa "ametengenezaje?"

Na jibu la "ametengenezaje" ndiyo warsha. Warsha lazima itokane na kazi waliyoitazama. Kutazama gome halafu kwenda kupaka rangi picha ya Mickey Mouse iliyochapwa ni kufundisha mambo mawili yasiyojuana.

Kwa darasa la tatu na la nne, shanga za karatasi zinafaa sana. Chukueni kalenda za zamani au mabango ya karatasi ya kung'aa, mkate ukubwa wa A4. Kwenye ukingo mfupi wa chini, wenye sentimita 21, wekeni alama kila sentimita 2 kuanzia sifuri. Ukingo wa juu wekeni kila sentimita 2 kuanzia sentimita 1. Unganisheni alama kwa mistari ya kwenda na kurudi, mtapata pembetatu ndefu 20 kwa karatasi moja. Watoto 40 wakikunja shanga tano kila mmoja, karatasi 10 zinatosha. Kunja kuanzia upande mpana, juu ya njiti ya mshikaki iliyoondolewa ncha yake kali. Mzunguko wa kwanza usiwe na gundi kabisa, la sivyo shanga itaganda kwenye njiti na mtoto ataivuta ikatoka kama konokono. Gundi nyeupe ipakwe kwenye sentimita tano za mwisho tu, ule upande mwembamba. Shanga ikikaa upande, sababu ni moja: ncha haikufuata katikati. Ifunguliwe kabla gundi haijakauka, ikunjwe upya. Vanishi isiguswe na watoto kwa ajili ya harufu yake. Gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kidogo inatosha kuzipa mng'ao.

Kwa darasa la tano na kuendelea, hadi sekondari, tunapendekeza kitambaa cha rojo la unga: mtoto anachora kwa rojo, na palipochorwa rangi haishiki. Wengi huomba batiki, ambayo nta ndiyo inayozuia rangi, na tunasema wazi: si kwa watoto 40 kwa asubuhi moja. Nta, iwe ya nyuki au ya mishumaa, inatakiwa iyeyushwe kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, isipashwe moja kwa moja juu ya moto, na ikishika moto huzimwa kwa mfuniko. Ukimwagia maji inaruka na kuunguza walio karibu. Rangi nyingi za batiki nazo huchanganywa na kemikali, kostiki soda na haidrosalfaiti. Kostiki huunguza ngozi na macho. Hiyo ni kazi ya watu wazima wenye glavu na mahali pa wazi.

Rojo la unga hufanya kazi ileile ya kuzuia rangi, bila moto. Pimeni kikombe kimoja cha unga wa ngano, kikombe kimoja cha maji, na vijiko vinne vidogo vya shabu iliyosagwa, lile jiwe jeupe linalotuliza maji ya tope. Huufanya mchanganyiko ushike na usivunde upesi. Korogeni hadi uwe mzito kama mtindi, kisha pitisheni kwenye chujio la chai. Msiache kuchuja: donge moja dogo huziba tundu, mtoto anaminya kwa nguvu, mfuniko unafyatuka na kitambaa kimekwisha. Kipimo hicho kinatosha watoto watano, kwa hiyo kwa 40 andaeni vipimo vinane, unga kama kilo moja na robo. Zamani watu walitia rojo kwenye mfuko wa plastiki na kukata kona. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na chupa laini ya maji ya nusu lita ni bora zaidi. Toboeni mfuniko kwa msumari wa moto, tundu la milimita 2. Chupa moja kwa watoto wanne.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Usukuma ndiyo nchi ya pamba, lakini madukani kitambaa kinachoitwa pamba mara nyingi kimechanganywa. Chomoeni uzi mmoja mkauchome: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wa polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kifueni kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya kipande kutoa wanga wa kiwandani, maana wanga huo huzuia rangi kama rojo lenyewe. Mita 3 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hutoa vipande 50 vya sentimita 30 kwa 30. Arobaini ni vya watoto, kumi ni vya akiba.

Kila kipande kibandikwe pande zote nne kwenye kipande cha boksi kwa tepu. Rojo likikauka hujikunyata, na kitambaa kisichobanwa hujikunja kama jani la mgomba juani. Mtoto achore kwanza kwa penseli, mstari mwepesi, kisha afuatishe kwa chupa, ncha ikigusa kitambaa. Akiinua chupa juu, rojo huanguka vipande vipande na rangi itapita katikati. Mistari iwe na unene wa kama penseli. Myembamba kuliko hapo hupitisha rangi, minene sana haikauki.

Jambo moja kwa mwongozaji: usioneshe kazi iliyokamilika mwanzoni. Ukiinua kitambaa chenye sangara mzuri, utavuna sangara 40, wote wakitazama kushoto. Onesha hatua, kwenye kitambaa kitupu: hivi ndivyo mstari unavyokaa, hivi ndivyo nukta inavyokaa. Wakiuliza wachore nini, warudishe ukumbini: katika zile kazi tatu, ni sehemu gani ndogo isiyozidi kiganja ambayo bado unaikumbuka? Wachore hiyo.

Ziara yenyewe inaishia hapo kwenye rojo, na hatuombi radhi kwa hilo. Rojo linahitaji kukauka hadi likitikiswa linasikika kama karatasi. Mwezi Julai au Agosti, kwa jua na upepo wa ziwa, huchukua saa kadhaa. Wakati wa mvua hulala usiku mzima na pengine zaidi. Ukumbi unaotaka kila kitu kiishe siku hiyohiyo huishia kupaka rangi juu ya rojo bichi, na watoto wanabeba nyumbani matope. Kwa hiyo vitambaa virudi shuleni vikiwa vimebandikwa kwenye maboksi, vimelazwa bila kupandana, na kipindi cha Sanaa na Michezo kinachofuata kiwe cha rangi. Rangi ya kitambaa sehemu mbili, maji sehemu moja. Ikizidi maji hupenya chini ya rojo. Igongweni taratibu kwa vipande vya sponji ya godoro, bila kusugua. Iache ikauke siku nzima. Kisha lowekeni kwenye maji ya vuguvugu robo saa, mkwangue rojo kwa mgongo wa kijiko, na maji yake yamwagwe kwenye shimo la taka, si ziwani wala mtaroni. Pale rojo lilipopasuka wakati wa kukauka, rangi huacha nyufa nyembamba kama za ardhi ya kiangazi. Hilo si kosa, na watoto wengi hupenda nyufa hizo kuliko mchoro wenyewe.

Wapo watoto ambao mpango wa kawaida huwasahau. Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu. Asimame mbele kabisa, hata ndani ya ule mstari wa tepu akiwa na mwongozaji, na meza yake iwe kivulini muda wote. Kazi ya kuanika vitambaa juani apewe mwingine. Kiziwi aone uso wa anayesema, kwa hiyo mwongozaji asizungumze akiwa ameelekea ukutani. Mtoto asiyeona anufaike na ile meza ya kushika, kisha wenzake wamweleze picha. Maelezo hayo huwafanya nao waone zaidi.

Shule za Sengerema zimepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa 2025, hakuna tena kukisia saa za kivuko. Za Ukerewe bado zina maji ya kuvuka, na ziara ya asubuhi moja haiwezekani kwa watoto wadogo. Kwao kumbi zipeleke sanduku: nakala tatu za picha zilizochapwa ukubwa wa A2, kipande cha gome, shanga, chupa za rojo, na karatasi moja ya maswali yale matatu. Walimu wakishafanya mazoezi nusu siku, sanduku linaweza kuzunguka shule kadhaa kwa muhula. Makumbusho ya Wasukuma Bujora nayo ni hazina, ila msiibane kwenye siku moja na jumba la sanaa. Bujora ina hadithi ndefu ya ngoma, watemi na vyombo, inastahili asubuhi yake.

Kwa halmashauri za Nyamagana, Ilemela na wilaya jirani tunaomba mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti mpya. Kibali cha ziara kitoke angalau wiki mbili kabla, ili mwalimu apate ile siku ya kutangulia. Na maafisa elimu wakubali kwamba ziara ya watoto 40 ni ziara kamili kwenye taarifa, wasiisukume shule kujaza idadi. Kwa kamati za shule: nauli ndiyo inayokula fedha, vifaa vyote tulivyovitaja havifikii sehemu kubwa ya gharama ya gari. Shule mbili za jirani zinaweza kukodi gari moja siku moja, moja ikaenda asubuhi na nyingine mchana watoto wakishakula, kila moja na watoto wake 40.

Na vile vipande kumi vya akiba msivifungie kabatini. Ni vya waliokuwa wagonjwa siku ya safari na waliokosa nauli; wapewe siku ileile wenzao wanapopaka rangi, na chupa ya rojo iwe imebaki kwa ajili yao.

Waongozaji wa warsha za sanaa kwa shule,
Mwanza